AFYA YA NYUMBA: Beji Iliyotundikwa Jikoni

Mke wa koplo mmoja, ambaye mumewe ni mpiga picha za eksirei katika hospitali ya kambi, alinijia siku chache zilizopita na swali lililomkosesha usingizi. Majirani wamemwambia kuwa mumewe hurudi nyumbani na mionzi nguoni. Tangu hapo hufua sare zake katika beseni la peke yake, na mtoto wao mchanga hapakatwi na baba yake mpaka baba aoge.

Nilimjibu kwamba beseni hilo alirudishe katika kazi nyingine. Mionzi ya eksirei ni kama mwanga wa taa: mashine ikizimwa, haibaki ukutani, wala kitandani, wala katika nguo za mtu. Mgonjwa aliyepigwa picha hatoki na mionzi mwilini, na aliyempiga picha vivyo hivyo. Jambo ni tofauti katika zile hospitali kubwa ambamo wagonjwa hunyweshwa au hudungwa dawa zenye mionzi. Dawa hiyo yaweza kumwagika, na kwa hiyo watumishi hupimwa mikono na nguo kabla ya kutoka. Mumewe hafanyi kazi hiyo.

Mama akafurahi. Kisha, akiinuka kwenda zake, akasema neno lililonikosesha usingizi mimi: ile beji ndogo ya plastiki aliyopewa mumewe kazini imetundikwa msumarini jikoni, isipotee.

Beji hiyo haimkingi mtu. Ni daftari. Ndani yake mna kidonge kinachohifadhi alama ya mionzi iliyokipiga. Baada ya mwezi mmoja, au mitatu, hupelekwa maabarani kikapashwa moto, nacho hutoa mwanga unaopimwa. Iliyo jikoni, basi, inapima jiko, na joto la hapo laweza kuharibu hata kipimo hicho. Karatasi itarudi ikionyesha kwamba koplo yu salama, kumbe haikusema neno lolote juu ya koplo.

Askari hatoi risasi hata moja ghalani bila kutia sahihi. Iweje ile inayoupiga mwili wake mwenyewe isihesabiwe? (Lugha yetu ina mzaha wake hapa: risasi hiyo hiyo, ikiwa madini yaliyoshonwa ndani ya aproni, ndiyo inayomlinda mpiga picha.)

Madhara ya mionzi hayaumi siku ya kwanza. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, alikuwa akijaribu mirija ya eksirei kwa kuweka mkono wake mwenyewe mbele ya mionzi. Vidonda vikamtoka, mikono ikakatwa, na mwaka 1904 akafariki kwa saratani akiwa na umri wa miaka 39. Edison akaiacha kazi ya eksirei. Katika mwaka 1936, mjini Hamburg, Ujerumani, ulisimamishwa mnara wenye majina 169 ya madaktari, wauguzi na mafundi wa namna hiyo.

Siku hizi hakuna atiaye mkono hivyo, na kazi hii, ikifuata kanuni, ni ya salama. Hatari iliyobaki hutoka zaidi kwa mgonjwa mwenyewe, maana mionzi ikimpiga hutawanyika pande zote, hasa katika chumba cha upasuaji ambamo mashine huonyesha picha mfululizo na watu wamemzunguka. Anayesogea kutoka hatua moja hadi mbili hupunguza mionzi impatayo kufikia kadiri ya robo. Kipimo kinachokubaliwa na mataifa kwa mtumishi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka katika miaka mitano, wala usipite 50 katika mwaka wowote. Kwa jicho, kipimo kilikuwa 150. Mwaka 2011 wataalamu walishauri kishushwe hadi 20, kwa kuwa mtoto wa jicho huanza mapema kuliko walivyodhani.

Dada zetu walio wapiga picha wana jambo lao la zaidi. Wapo wanaoficha mimba wasije wakahamishwa. Mkubwa wa kazi akishaarifiwa, mtoto aliye tumboni hapaswi kupata zaidi ya milisiveti 1 kwa muda wote uliobaki wa mimba. Asipoarifiwa, hakuna anayemhesabia mtoto huyo chochote.

Hapa Uganda, Baraza la Nguvu za Atomiki, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2008, ndilo linalosimamia matumizi ya mionzi, ya hospitali yakiwamo. Mtumishi ana haki ya kuonyeshwa hesabu yake. Aiombe, na mkewe amkumbushe.

Beji ya koplo ilirudi hospitalini Jumatatu. Akiwa kazini huivaa kifuani chini ya aproni. Akitoka zamu huiacha ubaoni, mbali na chumba cha mashine. Alipoulizwa na mkewe tangu lini ilikuwa ikitundikwa jikoni, alikiri kwamba kila aliyopewa mpya ilichukua msumari wa ile ya zamani, tangu kabla mtoto hajazaliwa.

Juma lijalo tutazungumza juu ya maji ya kunywa ya watoto wakati wa mvua.