Kutakata kwa dumu si usalama wake

Ni nadra siku hizi kuona kasiki la udongo katika majiko yetu ya Pwani. Achari ya maembe, ndimu za chumvi na siki ya tembo la mnazi, aghalabu huwekwa katika madumu na ndoo zilizokwisha kutumika, zinunuliwazo mitaani kwa bei nafuu. Sina ugomvi na mtu anayeokoa shilingi yake. Ugomvi wangu ni na ule usemi wa, "Nimelisuuza mara saba, limetakata."

Siki ni kitoweo alichokisifu Mtume (s.a.w.), na wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wameichambua barabara: tembo likigeuka siki lenyewe, pasi na kutiwa kitu, siki hiyo ni halali. Basi ikiwa kilichomo tumekichunguza hivyo, mbona chombo hatukiulizi kilikotoka? Waama, tohara ni jambo moja na usalama ni jingine. Najisi huondoka kwa maji. Sumu iliyokwisha kunyonywa na plastiki haiondoki, hata ukilisugua dumu kutwa kwa mchanga na sabuni.

Tena siki, kama ndimu na ukwaju, ni asidi. Haikai kimya chomboni, bali huchota kilichomo ndani ya chombo chenyewe. Katika jimbo la Devon, Uingereza, watu walikuwa wakipatwa na msokoto mkali wa tumbo na hata kupooza viungo. Mwaka 1767 tabibu George Baker alionyesha kwamba ugonjwa huo ulitokana na risasi iliyotumika katika mitambo ya kukamulia kinywaji chao cha matofaa. Maji ya matofaa yaliila risasi ile, na wanywaji wakainywa bila kuijua. Risasi haina harufu ya kumwonya mtu, na wadhurikao zaidi ni watoto, kwani huharibu ubongo unaokua.

Kwa hivyo naonelea tuhukumu hivi. Dumu lililokuwa na dawa ya wadudu, rangi, mafuta ya taa au asidi ya betri lisiingie jikoni kamwe. Ndoo ya bati lililopakwa zinki, chombo cha shaba na sufuria ya alumini visiwekewe siki wala achari. Chombo cha udongo chenye mng'aro wa zamani usiojulikana asili yake, kiwe pambo tu, kwani mng'aro huo huenda una risasi. Ndoo ya plastiki iliyokuwa na chakula, ijaze maji ya uvuguvugu ilale usiku kucha. Asubuhi ukisikia harufu ngeni, iache. Lakini kukosa harufu si ushahidi kwa chombo usichokijua, na plastiki iliyochunika huficha vijidudu katika mikwaruzo yake.

Kilicho bora kwa mwenye mkono mfupi ni chupa ya kioo iliyokuwa na chakula, isiyo na ufa wala pengo mdomoni. Itie katika maji baridi, kisha uyachemshe pamoja nayo ili isipasuke. Kifuniko kikiwa na kutu, tafuta kingine.

Najua nitaambiwa kwamba chombo kipya ni ghali. Ni kweli, lakini wazee walisema rahisi ghali, na hapa ghali yenyewe ni afya ya mtoto.

Neno langu la mwisho ni kwa wauzaji. Mnunuzi akiuliza dumu lilikuwa na nini, mwambieni kweli; na kama hamjui, semeni hamjui. Lililokuwa na sumu litobolewe lisipate kuuzwa tena. Amana si ya dhahabu na fedha peke yake.