Muziki wa Matatu: Wati Nyingi, Faida Haba

Ni dhahiri kwamba jijini Nairobi gari la abiria halihesabiwi kuwa gari mpaka limefungwa spika. Yale yaliyoitwa manyanga katika miaka ya tisini leo yanaitwa nganya, lakini mtindo ni ule ule. Mwenye gari la kwenda Rongai au Umoja hutumia fedha nyingi kununua amplifaya na spika kubwa za besi, akiamini kwamba vijana wa shule na vyuo wataliacha gari lililo kimya wakimbilie linalonguruma. Sina nia ya kuwabeza mafundi wanaoifanya kazi hii, kwani wengi wao ni stadi wa kusifiwa. Ninachohoji ni mashindano yenyewe. Nikiyapima kwa hesabu ya darasani, sioni mshindi.

Tuanze na umeme. Nguvu katika wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Katika gari lenye betri ya volti 12, amplifaya inayovuta wati 1,200 huhitaji ampea 100, na sehemu kubwa ya umeme huo hupotea kama joto. Altaneta iliundwa kuchaji betri, kuwasha taa na kuhudumia injini. Haikuundwa kulisha ukumbi wa dansi. Ndiyo maana usiku taa za mbele hufifia kila besi inapogonga. Fundi mwangalifu huongeza betri ya pili, akavuta waya mnene na kuweka fyuzi karibu na betri. Fundi asiyejali hutumia waya mwembamba usio na fyuzi. Waya huo hupata joto, ganda lake likayeyuka, na ukigusa bodi, moto waweza kuzuka ilhali abiria wamo ndani.

Tuje kwenye sauti. Ukiongeza wati maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, tofauti ndogo ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili msikilizaji ahisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu yapaswa kuongezwa kama mara kumi. Maana yake ni kwamba mwenye wati 500 anayetaka kumpiku jirani yake waziwazi hana budi kutafuta wati 5,000. Jirani naye hatalala. Gharama hupanda kwa wote, na abiria hubaki wale wale.

Hata hivyo, desibeli hizo 3 si ndogo kwa afya. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, hupendekeza kwamba mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo ukatwe nusu. Zikifika 100, zimebaki dakika 15 tu. Ni nani aliyewahi kufika Rongai kwa dakika 15 wakati wa msongamano wa jioni? Mwanafunzi angalau hushuka akaenda zake. Dereva na kondakta hushinda humo tangu alfajiri. Chembe za sikio la ndani zinazopokea sauti, zikifa, hazioti tena kwa binadamu. Wahenga waliponena kwamba sikio la kufa halisikii dawa walimkusudia mkaidi, lakini hapa methali hiyo yatimia kama ilivyo.

Wako watakaosema kwamba asiyependa muziki achague gari jingine. Je, mama aliyebeba mtoto mchanga, akiwa amepigwa na mvua kituoni, ana uchaguzi gani? Na dereva asiyesikia king'ora cha ambulensi nyuma yake amechaguliwa na nani?

Sheria tunazo. Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo hukataza kelele zinazohatarisha afya na utulivu wa wengine. Lakini pasipo kipimo, jambo hili huishia kuwa ubishi baina ya askari na kondakta. Naonelea kwamba gari la abiria linapopelekwa kukaguliwa, nyaya na fyuzi za muziki zichunguzwe, na sauti ipimwe pale abiria anapoketi.

Walimu nao wana nafasi yao. Somo la umeme na la sauti limo njiani kila asubuhi. Mwalimu wa fizikia aliingize darasani, awaachie wanafunzi wakokotoe wenyewe ampea na desibeli. Nanyi wanafunzi, kumbukeni kwamba ngurumo hiyo hupigwa kwa ajili ya nauli zenu. Mkimwambia kondakta apunguze sauti, na mkaliacha gari lake anapokataa, mwenye gari atasikia upesi kuliko atakavyomsikia askari yeyote.