Mchoro wa Kale Si Shahidi

Wapo wenzetu wanaoandika riwaya za kihistoria ambao wameshikwa na ugonjwa mmoja. Wakiona mchoro wa kale, ule uliochongwa kwenye ubao au bamba la shaba kisha ukapigwa chapa, basi kwao huo ndio ukweli wenyewe. Eti picha haisemi uongo. Jamani, inasema! Tena uongo wake mkubwa ni yale inayoyanyamazia.

Chukueni mwaka mmoja tu, 1572. Mwaka huo, huko Basel, kilichapwa kwa Kilatini kitabu cha Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra, kuhusu mwanga. Ukurasa wa mbele una mchoro wa vioo vikikusanya jua na kuunguza merikebu za Warumi. Ni hadithi ya Archimedes akiutetea mji wa Syracuse, mwaka 213 hadi 212 K.K. Inanoga kweli. Lakini Polybius, aliyeandika karne ya pili K.K., alieleza mitambo ya Archimedes, ya kurusha mawe na ya kunyanyua merikebu, ila vioo hakuvitaja kabisa. Moto ule una picha, ushahidi hauna.

Sasa twende Köln, mwaka uleule. Georg Braun na Frans Hogenberg walitoa kitabu chao cha miji ya dunia, na katika ukurasa mmoja wakaweka Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Mombasa imetulia tuli. Huoni mji unaoungua. Kumbe Agosti 1505 Francisco de Almeida alikuwa ameshauchoma! Masimulizi yanayohusishwa na Hans Mayr, Mjerumani wa msafara huo, yanaeleza nyumba za mawe za ghorofa, na katikati yake nyumba za miti na mapaa ya makuti. Wareno wakatia moto, ukaruka paa hadi paa usiku kucha. Kulipokucha wakaingia kupora, huku wenyeji wakiwatupia mawe na mishale kutoka juu. Kisha Nuno da Cunha naye akauchoma mji huohuo mwaka 1529.

Kwa hiyo moto wa kubuni ulichorwa, na moto wa kweli, uliounguza watu wetu, ukafutwa. Halafu kijana wa Kitanzania anaacha Mombasa, anaandika sura nzima juu ya vioo vya Mgiriki!

Sisi wa huku Msangano tunalijua paa la nyasi. Kijinga kimoja na upepo vinatosha, mtambo hauhitajiki. Ndiyo maana jeshi la Wajerumani liliitumia silaha hiyohiyo wakati wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Walichoma vijiji na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Najua mtanijibu kwamba riwaya ni ubunifu. Sawa. Lakini ukibuni kwa macho ya mchongaji wa Ulaya, hapo aliyebuni ni nani, wewe au yeye?

Siwaambii mchane michoro hiyo. Itazameni, lakini muihoji kama mnavyomhoji mgeni aliyebisha hodi usiku: nani kakutuma, na mbona hujasema nyumba ya nani iliungua? Yale isiyoyajibu, ndugu zangu, ndiyo riwaya inayotusubiri. Tusipoiandika sisi, Mombasa itaendelea kutulia tuli kwenye karatasi.