UCHANGANUZI: Vyeti vya mafunzo visigeuzwe kodi nyingine kwa mwalimu

MAFUNZO ya kuendeleza taaluma ya ualimu, yaliyozinduliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) Septemba 2021, yalikuwa na lengo ambalo ni vigumu kulipinga. Mwalimu aliyefuzu miaka 20 iliyopita hawezi kutegemea ujuzi wa wakati huo pekee kufundisha mtaala wa umilisi (CBC), ambao ulianza kutekelezwa kote nchini 2019.

Hata hivyo, mpango huo ulipingwa tangu siku za kwanza, na kiini cha ubishi hakikuwa elimu bali gharama.

Mafunzo yaligawanywa katika moduli sita, kila moja ikichukua miaka mitano, na mwalimu akatakiwa kulipa Sh6,000 kila mwaka. Hesabu yake ni Sh30,000 kwa moduli moja na Sh180,000 kwa zote sita, katika muda wa miaka 30. Kwa mwalimu wa Turkana au Wajir, ada hiyo ni mwanzo tu. Kuna gharama ya intaneti, na nauli anapohitajika kuhudhuria ana kwa ana.

TSC haikukurupuka. Kifungu cha 35 cha Sheria ya TSC ya 2012 kinaiagiza iwatake walimu waliosajiliwa kujiendeleza kitaaluma, na kuchukua cheti cha kufundishia kila baada ya miaka mitano. Lakini mafunzo yanapofungamanishwa na cheti cha kazi, mwalimu huyaona kama tishio kwa mkate wake, wala si fursa ya kuongeza maarifa.

Afrika Kusini ilifuata njia tofauti. Baraza la walimu la nchi hiyo, SACE, liliweka mfumo wa alama, ambapo mwalimu hutakiwa kupata alama 150 katika kipindi cha miaka mitatu. Alama hizo hazitokani na kozi za taasisi za nje pekee. Usomaji wa mwalimu binafsi na shughuli zinazoandaliwa na shule yake pia huhesabiwa. Yaani, si kila maarifa lazima yapitie dirisha la karani wa fedha.

Kenya nayo ina msingi wa kujengea. Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Kielimu ya 2014 inaruhusu alama za masomo kulimbikizwa na kuhamishwa. Vyeti vidogo vikihesabiwa kuelekea diploma au shahada, na vikizingatiwa wakati wa kupandisha walimu vyeo, hakuna atakayesukumwa kuvitafuta. Vinginevyo vitabaki karatasi za kuhifadhiwa kabatini.

Kuhusu gharama, serikali ndiyo mwajiri na ndiyo iliyobadilisha mtaala. Anayetaka panga lake likate ndiye hununua kinoo.