KIBARUA WA MIAKA TISA



Habari ninayowaletea si ya kufurahisha. Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, mwenzetu mmoja wa gengi la njia aliangukiwa na kipande cha reli mguuni. Tulikuwa tukibadilisha mataruma mahali penye kona, mvua ilikuwa imenyesha usiku, na reli ikateleza. Yeye alikuwa amevaa akala. Viatu vya kazi vilikuja jozi kumi, na sisi tulikuwa watu ishirini na wawili. Tukaambiwa viatu ni vya wale walioandikwa.

Tulimchukua kwa troli mpaka kwenye barabara, na kutoka hapo kwa boda boda mpaka hospitali. Tukampigia simu kontrakta. Akajibu, "Huyo si mtu wangu, jina lake halimo katika kitabu cha mwezi huu." Tukaenda kwa wale waliompa kontrakta kazi. Wakajibu, "Huyo ni mtu wa kontrakta." Hospitalini wakauliza, "Nani atalipa?" Basi tukachanga, kila mtu shilingi mia mbili, na wengine hawakuwa nazo. Amepoteza vidole viwili. Leo amekaa nyumbani, na mkewe anauza sukuma wiki kando ya njia ili watoto wale.

Sasa sikilizeni. Mtu huyo amefanya kazi katika gengi lile miaka tisa. Mimi niliyeandikwa nimo miaka sita tu. Yeye ndiye aliyenifundisha kugonga reli kwa nyundo na kusikia kama ina ufa. Aliyeandikwa alifundishwa na asiyeandikwa. Lakini ulipovunjika mguu, mwalimu hakuwa na jina.

Nawauliza, ndugu zangu, huyu ni kibarua wa namna gani?

Neno lenyewe tulijue. Kibarua ni barua ndogo. Zamani mtu wa kazi ya siku alipewa kikaratasi, akakionyesha jioni, akalipwa, mambo yakaisha. Karatasi ndogo kwa kazi ndogo. Hakuna ubaya kwa mtu kuajiriwa siku mbili kupakua behewa moja. Ubaya ni kumpa mtu karatasi ya siku moja, na kuirudia kila siku kwa miaka tisa, na kusema kila asubuhi kwamba humjui. Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wenzetu hawa wamepewa jembe tangu siku ya kwanza, na mpaka leo wanaitwa wageni.

Na hata hicho kikaratasi siku hizi hawapewi. Nyapara huita majina kwa mdomo. Kila baada ya miezi mitatu wanaambiwa, "Kaeni nyumbani wiki moja." Baada ya wiki hiyo wanarudi mahali pale pale, kwa koleo lile lile, chini ya nyapara yule yule. Mara nyingine hata jina la kontrakta limebadilika kwenye ubao, lakini lori ni lile lile na dereva ni yule yule. Mnadhani wiki hiyo ni ya mapumziko? Hapana. Ni wiki ya kufuta hesabu.

Kwa nini hesabu ifutwe? Kwa sababu sheria ipo, na wao wanaijua kuliko sisi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kisha kifungu cha 37 kinasema hivi, kwa maneno yangu mimi: kibarua akifanya kazi mfululizo siku ambazo zikijumlishwa zinatimia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kumalizika katika miezi mitatu, basi huyo si kibarua tena. Anahesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, na hafukuzwi bila notisi ya siku 28. Akiendelea miezi miwili au zaidi, anastahili masharti ambayo angeyapata kama asingeanza kwa ukibarua.

Basi niambieni, kazi ya kutunza njia ya reli huisha lini? Gari hupita leo, na kesho, na mwaka ujao. Kokoto huzama, misumari hulegea, nyasi huota. Hiyo si kazi ya miezi mitatu. Ni kazi ya maisha ya reli yenyewe.

Wengine husema, "Haya ni mambo ya dunia ya sasa, lazima tuyazoee." Si kweli. Haya ni mambo ya zamani yaliyorudi na kuvaa suti mpya. Reli hii ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Kisumu mwaka 1901. Wahindi zaidi ya 31,000 waliletwa kuijenga, na karibu 2,500 katika hao walikufa, wengi kwa magonjwa na ajali, si kwa simba wa Tsavo wanaosimuliwa kila siku. Walitumikishwa vibaya. Lakini hata hao walikuja na mkataba wa miaka mitatu ulioandikwa. Leo mwanangengi wa Kenya huru hana hata karatasi ya siku tatu. Huo ndio uhuru wa koleo?

Januari mwaka 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma Mombasa, wa bandari, wa reli, wa hoteli na wa majumbani. Mji ulisimama siku kumi na mbili. Walisema mshahara hautoshi chakula wala nyumba. Chege Kibachia, aliyewaongoza katika chama chao, alikamatwa mwaka huo huo akapelekwa Baringo, mbali na watu wake. Mwaka 1950 Fred Kubai na Makhan Singh walikamatwa Nairobi, na wafanyakazi wakagoma. Makhan Singh hakuachiliwa mpaka mwaka 1961. Watu hao hawakukaa vizuizini ili sisi tuje kuitwa majina kwa mdomo kando ya njia.

Na katika mwaka 1954 hata kamati ya serikali ya kikoloni, ile ya Carpenter, ilikubali kwamba Mwafrika alikuwa akilipwa mshahara wa kapera, kana kwamba hana mke wala watoto, na kwamba hesabu ya mshahara ifuate mahitaji ya mtu mwenye jamaa. Mkoloni alikubali hivyo kwa kalamu yake! Sasa nawauliza, kibarua wetu analipwa mshahara wa nani? Analipwa chini ya kapera. Analipwa kama mtu ambaye hatazeeka, hataugua, wala hatavunjika mguu.

Nitajibu maneno matatu ambayo mabwana hao hupenda kusema.

La kwanza, husema, "Kazi ni haba, afadhali kibarua kuliko njaa." Ni kweli kazi ni haba. Zaidi ya kazi nane katika kila kumi za nchi hii ziko katika jua kali. Lakini tuangalie vizuri. Kazi ya njia ipo kila siku, na watu wale wale wanaifanya kila siku. Haba hapa si kazi, ni uandikishaji. Njaa ya vijana wetu imegeuzwa kuwa fimbo ya kutupigia sote.

La pili, husema, "Wakiandikwa wote, fedha hazitatosha." Lakini kontrakta hulipwa kwa kila kichwa. Katikati ya fedha anazopewa na fedha zinazofika mkononi mwa mtu wa koleo kuna shimo. Tunaomba hesabu ya shimo hilo iletwe mezani, ndipo tuambiwe fedha hazitoshi. Tena mwenzetu aliyeumia alikuwa akikatwa fedha za bima ya afya, ile asilimia 2.75 iliyoanza Oktoba 2024. Pia alikatwa ile asilimia 1.5 ya nyumba, kwa Sheria ya mwaka 2024. Tulipofika hospitali tukaangalia jina lake: fedha za afya hazikupelekwa hata mwezi mmoja. Kwa kukatwa alikuwa mfanyakazi kamili. Kwa kutibiwa akawa mtu asiyejulikana. Huo si upungufu wa fedha, ni wizi.

La tatu, husema, "Sisi hatuhusiki, muulizeni kontrakta." Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane tu, lakini nakumbuka ule mfano wa mwenye shamba la mizabibu. Alitoka mwenyewe sokoni, akapatana na vibarua mshahara wa siku, na jioni akaamuru walipwe, hata wale waliokuja saa ya kumi na moja. Hakuwaambia waende kwa kontrakta. Mwenye shamba alijua shamba ni lake na waliochuma ni watu wake. Reli ni shamba. Anayevuna faida yake asijifanye haoni mikono inayochuma.

Sasa wanasiasa nao. Kila wakati wa uchaguzi wanakuja na fulana na kofia, na kila mmoja anahesabu kazi alizoleta. Mtu akifyeka nyasi wiki mbili, amehesabiwa kuwa kazi moja mpya. Akirudishwa baada ya mapumziko ya kufuta hesabu, amehesabiwa tena. Kwa hesabu hiyo mwenzetu aliyevunjika mguu ni kazi mpya thelathini! Vijana walipojaa barabarani Juni mwaka 2024, wengi walishangaa hasira ile imetoka wapi. Mimi sikushangaa. Nafanya kazi nao. Kodi iliyozidishwa juu ya mtu mwenye mshahara humuuma, lakini juu ya mtu asiyejua kama kesho jina lake litaitwa, humchoma.

Nimesema juu ya wakubwa. Sasa niseme juu yetu, na wakubwa wa chama chetu wasikasirike, maana nami nimo ndani ya lawama hii.

Sisi tulioandikwa tumewatazama hawa ndugu kama watu wa chini. Tunawatuma maji. Tunawaachia pande nzito za reli. Viatu vilipokuja jozi kumi, mimi nilivaa vyangu. Nilivivaa, nikafunga kamba, nikasimama karibu na mtu mwenye akala, wala sikusema neno. Tangu siku ile nikifunga kamba zile naona aibu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata wakila kivulini pamoja.

Tena ni ujinga, kwa sababu hatari ni yetu pia. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inataka mwajiri akitambue chama kikiwa na walio wengi katika wafanyakazi wake. Kila mtu aliyeandikwa akistaafu, mahali pake panajazwa na kibarua watatu wasio na chama. Baada ya miaka michache tutakuwa wachache ndani ya nyumba yetu wenyewe. Hapo bwana mkubwa hatahitaji kutupiga vita. Atatuhesabu tu, kisha atacheka.

Mwaka 2006 reli ilipokodishwa kwa kampuni, wenzetu wengi walipunguzwa, tukasema, "Si mimi." Mwaka 2017 ukodishaji ule ulikatizwa, na mwaka huo huo gari la reli mpya likaanza kutoka Mombasa hadi Nairobi. Magari yamebadilika, mabwana wamebadilika. Lakini "si mimi" yetu haijabadilika.

Basi tufanye nini? Naweka mambo manne.

1. Kila kibarua awe na daftari ndogo. Aandike tarehe, mahali, jina la nyapara, kazi aliyofanya na fedha alizopokea. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwenzake. Mbele ya korti siku zilizoandikwa zina mdomo. Na sheria inasema mwajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi, ni juu yake yeye kuthibitisha kile anachodai. Madai ya kazi yapelekwe kabla ya miaka mitatu kupita.

2. Ajali isifichwe kwa kuchanga mia mbili mia mbili. Ajali ya kazi inapaswa kupelekwa kwa maandishi ofisi ya serikali ndani ya siku 7. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 haikusema mguu wa kibarua hauna bei. Lakini madai yake yana mwaka mmoja tu, basi tusikawie.

3. Tawi liwaandikishe vibarua kuwa wanachama. Haki ya kuingia chama na ya kugoma iko katika Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, na imepewa kila mfanyakazi. Haikusema "kila mfanyakazi aliye na viatu".

4. Katika mapatano yajayo, kabla ya kutaja nyongeza yetu, wajumbe wetu wataje kwanza wale wa miaka mitatu, mitano na tisa. Kama hawataki, tuchague wengine.

Najua wengine watasema nimeandika kwa ukali. Nimeandika kwa aibu zaidi kuliko ukali. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mwenzetu amebaki na vidole vinane tu vya mguu.

Mkutano wa tawi ni Jumapili baada ya ibada. Yeye atakuja kwa magongo, nimemwahidi nitamletea boda boda. Atasimama mbele yenu aseme jina lake lote. Nawaomba mje mlisikie, na katibu aliandike kitabuni.

Mimi ndugu yenu,
Mtu wa Gengi la Njia