Kamera Haimtafuti Chui

Katika semina ya ajira kwa vijana iliyofanyika Moshi hivi karibuni, mzungumzaji mmoja alifika kwenye mada ya utalii akaimaliza kwa ushauri mfupi. Alisema simba tunao, tembo tunao, kilichobaki ni kijana kutafuta kamera ya maana, na picha zitakuja zenyewe. Ukumbi ukapiga makofi. Kijana aliyekaa mbele yangu aliyaandika maneno yale kwenye daftari akayapigia mstari, na hapo ndipo nilipokasirika kweli, kwa sababu nilijua akifika nyumbani atamwomba mzazi wake nini.

Mimi ni mpiga picha wa wanyamapori. Miezi mingi ya mwaka nawaongoza wapiga picha wa kigeni Serengeti, Ndutu, Ngorongoro na Tarangire. Imani kwamba kamera ndiyo inayoleta picha naikuta kila mahali: kwa wageni wanaoshuka uwanja wa ndege wa KIA na mabegi mazito ya lenzi, kwa wazazi, kwa maofisa, na sasa hata kwa watu wanaosimamishwa jukwaani kuwashauri vijana wetu. Ni imani ya uongo, na nimechoka kuinyamazia. Kamera haimtafuti chui.

Serengeti ina kilomita za mraba 14,763. Chui anayelala juu ya mwegea kando ya Mto Seronera, mkia umening'inia katikati ya matunda marefu ya mti huo, haonekani na mtu asiyejua anatafuta nini, hata kama amebeba lenzi ya milimita 600 inayouzwa zaidi ya dola 12,000. Anayemwona ni dereva mwongoza watalii. Dakika chache kabla alisikia mluzi wa tohe kwenye majani marefu ya kando ya mto, akapunguza mwendo. Akasikia kanga wanapiga kelele, akajua si kelele za kugombania chakula. Siku nyingine ni twiga wamesimama, hawali, wote wanatazama upande mmoja, naye anajua huko wanakotazama kuna simba. Siku nyingine ni tumbusi waliokaa mitini badala ya kushuka chini, naye anajua mwenye mzoga bado anakula. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa kwenye kitabu cha maelekezo ya kamera.

Na kumpata mnyama ni nusu tu ya kazi. Jua la huku kwetu hupanda haraka. Ikifika saa tatu asubuhi mwanga umeshakuwa mkali, macho ya simba yamezama kwenye kivuli na picha haina uhai. Dereva anayeijua kazi ameliegesha gari mapema, jua likiwa mgongoni kwake, mahali ambapo mnyama atakuja na si mahali alipokwishapita, nyuma ya mnyama pakiwa na nyasi tupu na si msururu wa magari ya watu wengine. Amezima injini, kwa sababu mtetemo wake unatosha kuiharibu picha. Mwezi wa Februari, nyumbu wanapozaa kwenye nyanda za Ndutu, amekwisha kukadiria duma jike atapanda kichuguu gani kuangalia mawindo, akasimama mbali, akangoja. Kisha mgeni anabonyeza kitufe. Picha ikichapishwa London au Tokyo, jina linaloandikwa chini yake ni la aliyebonyeza.

Asubuhi moja huko Ndutu nilikuwa na mgeni mmoja, mama mstaafu kutoka Ulaya, aliyekuja na vifaa vya mamilioni. Dereva wetu alikuwa mzee wa Karatu ambaye amenifundisha porini mengi kuliko darasa lolote. Mzee akasimamisha gari mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mgeni akaanza kulalamika kwamba tunapoteza mwanga. Mzee akamwambia kwa upole, "Tusubiri kidogo, mama." Alikuwa ameona swala tomi wameacha kula na wameinua vichwa. Duma alitoka kwenye nyasi akaja akikimbia moja kwa moja kuelekea tulipo, vumbi likiwaka kwa jua la asubuhi, na yule mama akapata picha ambayo wengi wanaitafuta maisha yao yote. Usiku huo kambini aliionyesha meza nzima, akaeleza kasi ya kamera yake, ubora wa lenzi yake na bei aliyoinunulia. Mzee alikuwa nje, anapangusa vumbi kwenye gari. Sikuvumilia. Nilimtaja mbele ya wote, nikaonekana mtu wa kuharibu starehe ya wageni. Na nitaendelea kuiharibu.

Wapo wanaonijibu kwamba kamera za siku hizi zina akili: zinalitambua jicho la mnyama na kulishika zenyewe hata akiwa mbioni. Hii ndiyo hoja yao kubwa, na ni hoja ya kitoto. Kamera hiyo inalitambua jicho ambalo tayari liko mbele yake! Jicho la chui aliyelala kilomita nne kutoka hapa, ng'ambo ya korongo, inalitambua? Inajua kwamba simba jike huyu aliyeinuka anakwenda kunywa maji, na kwamba njia yake inapita kwenye mwanga? Inaweza kumtofautisha tembo anayepepea masikio kwa sababu ya joto na tembo anayekaribia kulipindua gari? Jembe la bei kali halimwambii mkulima mvua itanyesha lini, na kamera ya bei kali haimwambii mpiga picha asimame wapi. Kamera haimtafuti chui.

Anayebisha na amtazame Hugo van Lawick. Mholanzi huyu alifika Gombe mwaka 1962 kupiga picha za Jane Goodall na sokwe wake, kisha akaishi miaka mingi kwenye mahema pale Ndutu mpaka afya ilipomwangusha. Alifariki dunia Dar es Salaam mwaka 2002. Filamu yake ya chui wa Serengeti, The Leopard Son, ilitoka mwaka 1996. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake alitumia kamera za mkanda, zile ambazo mpigaji mwenyewe ndiye aliyezungusha lenzi kwa mkono ili mnyama aonekane vizuri. Simu iliyoko mfukoni mwa kijana wa leo inajua mambo mengi ambayo kamera zile hazikuyajua. Mbona basi mfuko huo haujatoa The Leopard Son? Kwa sababu van Lawick alikaa. Aliwafahamu wanyama wake mmoja mmoja, msimu hadi msimu.

Au amtazame chui mweusi wa Laikipia, Kenya. Mwaka 2019 magazeti ya dunia yalijaa picha zake zilizopigwa na Mwingereza Will Burrard-Lucas kwa kamera za kutega njiani. Watu wakaulizana ni kamera za aina gani. Mwenyewe ameeleza wazi kwamba habari za chui huyo alizipata kwa watu wa huko huko Laikipia, na kwamba alifuata nyayo pamoja nao kabla ya kujua ategee wapi. Kamera zile zingetegwa kwenye njia ya pili kutoka pale, zingepiga fisi na nungunungu mpaka betri ziishe.

Kuna ushahidi mwingine unaouma zaidi. Shindano kubwa kuliko yote ya picha za wanyamapori, linaloendeshwa na Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili la London, lilimpa ushindi wa mwaka 2009 Mhispania kwa picha ya mbwa mwitu wa Ulaya akiruka geti usiku. Januari 2010 ushindi ukafutwa, majaji wakiamini kwamba mnyama yule huenda alikuwa wa kufugwa, wa kukodishwa. Mwaka 2018 ikaondolewa picha nyingine, ya mla mchwa wa Brazili, baada ya majaji kuridhika kwamba mnyama aliyeonekana alikuwa wa kukaushwa. Kamera zilikuwepo, tena nzuri. Kilichokosekana ni mnyama wa kweli. Na huyo mbwa mwitu alifichuliwa na nani? Na watu wanaowajua mbwa mwitu. Walimtambua kwa sura, na wakauliza kwa nini mnyama wa porini aruke geti ambalo angeweza kupenya kati ya vyuma vyake. Aliyemjua mnyama alimshinda aliyekuwa na kamera.

Sasa gharama ya imani hii anailipa nani? Wa kwanza ni mwongoza watalii. Siku hizi safari za picha ni biashara kubwa. Anakuja mpiga picha mwenye jina kutoka nje, picha yake imejaa kwenye matangazo, wateja wanalipa fedha nyingi ili wakae naye gari moja. Anayeamua gari liende kulia au kushoto saa kumi na mbili alfajiri ni Mtanzania, na kwenye ratiba ameandikwa kwa neno moja tu: dereva. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu anacheza kwao, wanatunzwa wageni, yeye anaachiwa bahashishi kwenye bahasha. Wala msiniambie hana uwezo wa kusimama mbele ya watu. Jackson Looseyia, Mmaasai wa Mara aliyetoka kwenye kazi ya kuongoza watalii, alisimama mbele ya kamera za BBC mwaka 2008 kama mtangazaji wa Big Cat Live, na akaeleweka dunia nzima.

Wa pili ni mnyama. Mtu anayeamini kwamba picha inatoka kwenye kamera hana subira, maana kamera yake iko tayari, kwa nini mnyama asiwe tayari? Anamsukuma dereva asogee zaidi, na dereva anayeitwa dereva tu, anayeogopa kukosa bahashishi, anasogea. Duma anazingirwa, mawindo yanamtoroka, watoto wanalala njaa. Utafiti wa Femke Broekhuis uliofanyika Maasai Mara na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba majike wa duma kwenye maeneo yenye watalii wengi walikuza kwa wastani mtoto 0.2 kwa kila uzazi, wakati kwenye maeneo yenye watalii wachache walikuza 2.3. Soma tena tarakimu hizo. Mwongoza watalii anayeheshimiwa na kulipwa vizuri anaweza kusema "hapa inatosha." Aliyedharauliwa hawezi.

Na nikiwa hapo hapo kwenye dharau, niseme na hili. Nimewahi kusimamishwa kwenye geti la hifadhi moja nikaulizwa kibali cha lenzi yangu, huku magari ya wageni wenye lenzi mbili za namna ile yakipita kwa kupungiwa mkono. Kosa langu lilikuwa rangi ya ngozi yangu na Kiswahili changu. Na kila Desemba napokea kalenda za ofisi za hapa hapa nchini zenye picha ya chui milia, mnyama wa Asia ambaye hajawahi kukanyaga pori letu. Chui milia huyo huyo amechorwa kwenye kuta za shule zetu na kwenye mabasi ya watoto. Nchi yenye Serengeti inawafundisha watoto wake mnyama wa India! Tukimsikia mtu wa semina akisema kilichobaki ni kamera, tujue anazungumza na taifa ambalo bado halijawajua wanyama wake.

Kwa hiyo nazungumza na wewe kijana uliyeyapigia mstari maneno yale. Yafute. Usimwombe baba auze shamba, usiingie mkopo wa kamera. Nunua darubini ya kawaida. Tafuta kitabu cha Richard Estes cha tabia za mamalia wa Afrika, kilichotoka mwaka 1991. Estes alikaa Ngorongoro akiwachunguza nyumbu, na alichokiandika kitakufaa kuliko lenzi yoyote. Ukiweza, soma Mweka, chuo kilichoanza mwaka 1963 na kinachofundisha usimamizi wa wanyamapori mlimani hapo hapo juu ya Moshi mlikofanyia semina yenu. Omba kukaa kiti cha nyuma cha mzee mmoja anayelijua pori, umsikilize, ubebe maji yake, uulize. Jifunze ndege, kwa sababu ndege ndio wanaotangaza habari za porini kabla ya wote. Mwaka utapita, pengine miwili. Siku utakapoweza kusimamisha gari mahali pasipo na kitu na kitu kikatokea, siku hiyo azima kamera yoyote, hata kuukuu, na picha yako itaonekana.

Na ninyi wenye kampuni za safari za picha, na wachapishaji, na waandaaji wa mashindano, ninawadai jambo moja lisilogharimu hata senti. Chini ya kila picha ya mnyamapori iliyopigwa kutoka kwenye gari linaloendeshwa na mwongoza watalii, liandikwe jina lake pamoja na la aliyebonyeza. Lisipoandikwa, picha hiyo imeibiwa nusu.