Kiwanja cha Mbali Hakilipi Nauli

Mwandishi mmoja ametushauri majuzi kwamba mfanyakazi wa Posta au Kariakoo, Dar es Salaam, aache kupanga mjini, anunue kiwanja Chanika au Mlandizi ahamie huko, kwa kuwa kodi ni pesa ya kutupa. Hesabu yake haijakamilika: ameijumlisha kodi, nauli akaisahau.

Anayeishi Chanika ndani hulipa bodaboda hadi barabarani, kisha daladala, na mara nyingi daladala ya pili. Jioni hulipa hivyo hivyo, tena baada ya kugombea mlango, huku wenzake wakirusha mikoba dirishani kushika siti. Mvua ikinyesha, boda hupandisha bei au hugoma kuingia kwenye tope.

Mwandishi huyo anasema pia mabasi ya mwendokasi yamefuta umbali. Kwa nani? Njia maalumu ya awamu ya kwanza, iliyoanza kutumika 2016, inaishia Kimara. Kutoka hapo hadi Mlandizi, basi hubanana na malori ya mikoani.

Sipingi mtu kumiliki ardhi. Nunua, jenga pole pole, lakini huna sababu ya kuhama kabla kazi au usafiri haujakusogelea. Chumba kimoja Buguruni au Magomeni kinachokufikisha kazini mapema, na jioni kikakukutanisha na wanao kabla hawajalala, si hasara.

Dalali atakupeleka kiwanjani Jumapili, barabara nyeupe. Wewe nenda Jumatatu saa 11 alfajiri, upande daladala hadi kazini, ndipo uamue.